Silaha za Mpapai

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, wanafunzi wa famasia, na ninyi nyote mliojipa taabu ya kufika, nawashukuru.

Mada niliyopewa ni "Faida za mpapai". Naomba niigombeze kidogo kabla sijaitumikia. Neno faida linatufanya tuuone mti kama mtumishi wetu, kwamba usiku na mchana umekaa pale ukituandalia dawa ya tumbo, ya minyoo, ya kidonda na ya homa. Mpapai hautujui. Ulikuwa na adui zake tangu zamani huko Meksiko na Amerika ya Kati ulikotokea, na kila kitu chenye nguvu tunachokikuta ndani yake leo kilitengenezwa kwa ajili ya adui hao. Tunachoita dawa ni silaha. Ukinielewa hapo, mengine yote nitakayosema yatakuwa mepesi, na maswali mengi tunayoulizwa kwenye dirisha la dawa kila siku yatajijibu.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walifanya jaribio dogo ambalo mimi nalipenda kwa sababu halikuhitaji mitambo mikubwa. Walichukua majani ya mpapai wakawapa viwavi. Viwavi walikula, wakadumaa, wengine wakafa. Kisha wakachukua majani mengine ya mpapai ule ule, wakayakatakata vipande vyembamba, wakayaosha mpaka utomvu wote ukatoka. Viwavi wakala, wakanenepa. Bado mtu angeweza kubisha: pengine maji yameondoa kitu kingine. Kwa hiyo wakachukua majani yasiyooshwa, yenye utomvu wake, wakayapaka kemikali inayozima aina moja tu ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali. Viwavi wakala, wakanenepa tena. Hapo ubishi ukaisha. Kinachomuua kiwavi ni vimeng'enya vilivyomo kwenye ule utomvu mweupe, vinavyomeng'enya protini. Kiwavi anakuja kula jani, naye analiwa na jani kuanzia tumboni.

Mkivunja jani la mpapai mnauona utomvu huo ukichuruzika. Sehemu kubwa yake ni maji, kama asilimia 85. Katika kile kinachobaki kikikauka, karibu asilimia 40 ni vimeng'enya. Hebu fikirini mmea unaotumia kiasi hicho cha protini kwa ulinzi tu! Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata wenzangu wa taaluma. Sote tunaijua papaini, jina lake limeandikwa kwenye makopo na pakiti. Lakini katika utomvu, papaini ni ndugu mdogo, chini ya asilimia 10 ya vimeng'enya vyote. Mkubwa ni kimopapaini. Wapo na ndugu wengine wawili ambao hawatajwi sana. Papaini ilipata umaarufu kwa sababu ndiyo iliyotangulia kutajwa, na mkemia wa Ufaransa, Charles Adolphe Wurtz, mwaka 1879. Wa kwanza kuandikishwa ndiye anayejulikana.

Inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa ufupi, maana wapo hapa ambao somo la kemia liliwaachia makovu. Papaini ni mnyororo wa asidi amino 212, yale matofali yanayojenga kila protini, umejikunja ukawa kama mikono miwili iliyokutana ikaacha mfereji katikati. Protini inayotaka kukatwa inalala kwenye mfereji ule. Pembeni, nafasi ya 25, kuna asidi amino iitwayo sisteini, yenye salfa. Ng'ambo yake, nafasi ya 159, kuna histidini. Histidini inaivua sisteini hidrojeni yake, ile salfa inabaki na njaa, inaushambulia muungano wa protini na kuukata. Kisha inaachia, inasubiri protini nyingine. Umbo hili lilichorwa kamili mwaka 1968, wakati vimeng'enya vilivyokwisha kuchorwa hivyo vilikuwa vya kuhesabika. Na kwa kuwa papaini ilitangulia, ukoo mzima wa vimeng'enya vya namna hii ukapewa jina lake. Katika ukoo huo wamo hata wale waliomo miilini mwetu, kama kile kinachosaga mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, na wamo wale ambao kijidudu cha malaria huwatumia kula hemoglobini ndani ya damu yetu. Kwa hiyo mnapomwona mtaalamu wa malaria anasoma habari za papai, msimcheke.

Salfa hiyo ndiyo nguvu ya papaini na ndiyo udhaifu wake. Hewa ikiipiga muda mrefu inazimika. Joto inalivumilia kuliko vimeng'enya vingi, kazi yake huwa kali zaidi karibu na nyuzi 65, lakini ukiichemsha ikatokota inakufa. Likumbukeni hilo la kuchemsha, nitalirudia tukifika kwenye majani.

Sasa, silaha iliyokamatwa hutumiwa na aliyeikamata. Binadamu aliuchukua utomvu huu akautuma kazi nyingi. Nyama ngumu ililainishwa. Bia iliondolewa ukungu unaojitokeza ikipozwa, kwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mwaka 1911 ya Leo Wallerstein. Lenzi za macho zilisafishwa. Hizo nazipita. Ipo kazi moja ambayo siwezi kuipita.

Miaka ya 1950 wanasayansi walijua kwamba damu ina kingamwili, zile protini zinazomshika adui anayeuvamia mwili, lakini hawakujua zimeumbwaje. Ni molekuli kubwa mno, na vyombo vya wakati ule havikutosha. Rodney Porter, Mwingereza, alifanya kile ambacho mtoto hufanya na saa ya babu yake: aliivunja. Alichukua kingamwili ya sungura akaikata kwa papaini. Ikatoka vipande vitatu vya ukubwa unaolingana. Viwili vilifanana, na vilikuwa bado vinashika adui kama kawaida. Cha tatu hakikushika kitu, ila kiligeuka fuwele kikiachwa kwenye baridi. Kutokana na vipande hivyo umbo la kingamwili likaeleweka: mikono miwili ya kushika na mguu mmoja wa kusimamia, mfano wa herufi Y. Mwaka 1972 Porter alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Gerald Edelman. Kila kipimo cha haraka mnachokitumia kituoni, kile cha mistari miwili, kinategemea elimu ya kingamwili, na njia ya kuifikia elimu hiyo ilipita kwenye utomvu wa papai bichi. Mtu akikuuliza mpapai umetibu nini, hilo ni jibu mojawapo, na hakuna aliyeumeza.

Wakati Porter anakata kingamwili, upande wa pili wa bahari daktari mwingine alikuwa na sungura pia. Lewis Thomas, mjini New York, aliwadunga sungura papaini kwenye mshipa wa damu kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya saa chache masikio yao, yale marefu yanayosimama wima, yakalegea yakaanguka mashavuni kama vitambaa vilivyolowa. Sungura wenyewe hawakuonekana wagonjwa. Baada ya siku chache masikio yakasimama tena. Thomas alichapisha habari hiyo mwaka 1956. Alichogundua ni kwamba papaini ilikuwa imeyeyusha kitu kinachoipa gegedu, ile nyama ngumu inayosimamisha sikio, ugumu wake, na mwili ukakitengeneza upya.

Daktari wa mifupa wa Marekani, Lyman Smith, aliisoma habari ya masikio akafikiri migongo. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, na ndani ya diski kuna kitu laini kama ute mzito. Diski ikipasuka, ute ule hutoka ukabana neva, na mtu hupata maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo. Tiba ilikuwa kisu. Smith akajiuliza: kama gegedu ya sikio inalegea, kwa nini ute huu usilegezwe kwa sindano? Akatumia kimopapaini, yule ndugu mkubwa. Mwaka 1964 alichapisha matokeo yake ya kwanza kwa binadamu. Mwaka 1982 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaipitisha. Fikirini hapo: utomvu uliokusudiwa tumbo la kiwavi umeingia chumba cha upasuaji, umekuwa dawa rasmi, na wagonjwa wengi walinyanyuka vitandani bila kupasuliwa.

Mwaka 2003 iliondoka sokoni Marekani. Kwa nini? Si kwamba haikufanya kazi. Majaribio yaliyolinganisha sindano yake na sindano ya maji matupu yalionyesha kwamba inafanya. Tatizo lilikuwa pale pale kwenye asili yake. Ni protini ngeni, na wachache kati ya waliodungwa walipatwa na mshtuko wa mzio, presha ikaporomoka, koo likaziba. Na ikivuja ikaingia mahali pasipo pake, karibu na uti wenyewe, haiulizi kama protini iliyo mbele yake ni ute wa diski au ni kitu unachokihitaji ili utembee. Wapo waliopooza. Wachache sana, lakini mgonjwa wa mgongo hafi kwa mgongo, na dawa inayopooza hata wachache ni ghali mno kwa ugonjwa wa namna hiyo. Madaktari wakarudi kwenye visu, ambavyo kwa wakati huo vilikuwa vimekuwa vidogo na salama zaidi.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Mara nyingi nasikia mtu akisema, "hii ni ya asili, haina madhara." Kimopapaini ilikuwa ya asili, safi, imepimwa kwa miligramu, inadungwa na bingwa, na bado iliondolewa.

Kwenye vidonda habari ni nzuri zaidi, ingawa nayo ina mwiba. Kidonda kibaya huwa na nyama iliyokufa, na hiyo ni lazima itoke ndipo kipone. Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, waliandika jinsi walivyokuwa wakitibu watoto walioungua: tunda la papai linapondwa, linapakwa juu ya kidonda kila siku, linafunikwa. Nyama iliyokufa ilitoka, maambukizi yakadhibitiwa, na kidonda kikawa tayari kupandikizwa ngozi. Hospitali yenye fedha kidogo na watoto wengi walioungua, nadhani wauguzi waliomo humu wanaelewa bila mimi kueleza.

Lakini kwa nini vimeng'enya vile vinakula nyama iliyokufa na kuiacha nzima? Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyama hai ina walinzi wake, protini inayozuia vimeng'enya vya kukata, nayo hupatikana pale damu inapofika. Nyama iliyokufa haifikiwi na damu, kwa hiyo haina mlinzi. Kwa hesabu hiyo hiyo madaktari wa meno wa Brazil mwaka 2003 walianza kutumia jeli ya papaini kulainisha sehemu ya jino iliyooza ili ikwanguliwe bila mashine. Jino zima halilainiki. Kwa mtoto anayeogopa ile sauti ya mashine, hiyo ni neema.

Mwiba ni huu: mwaka 2008 mamlaka ile ile ya Marekani iliamuru marhamu za papaini zilizokuwa zikiuzwa bila idhini ziondolewe. Kulikuwa na taarifa za watu waliopatwa na mzio mkali, presha kushuka na moyo kwenda mbio, kwa kupakwa tu. Na wale wanaosaga papaini kavu viwandani kwa muda mrefu wamejulikana kupata pumu kwa kuvuta vumbi lake. Ukimenya mapapai mabichi mengi bila glavu, ncha za vidole zinaanza kuwasha na kulainika. Ndiyo hiyo, imeanza kukumeng'enya wewe.

Sasa tugeukie tunda, na hapa ndipo hoja yangu ya silaha inapoonyesha thamani yake. Kwa nini mti utengeneze tunda? Ili mnyama alile, ameze mbegu, aende nazo mbali. Kwa hiyo tunda lina siku mbili. Siku ya kwanza mbegu hazijakomaa, na yeyote atakayelila ni mwizi: tunda ni la kijani, gumu, limejaa utomvu. Siku ya pili mbegu ziko tayari, na mlaji ni mgeni mwalikwa: tunda linageuka rangi, linalainika, linanukia, na mirija ya utomvu inakauka. Mti umeweka silaha chini.

Basi mtu anapokula papai bivu baada ya chakula kizito akaniambia, "papaini inanisaidia kumeng'enya," mimi hutabasamu. Papaini ilikuwa kwenye lile bichi. Kwenye lile bivu imebaki kidogo sana, na hiyo kidogo inakwenda kukutana na asidi ya tumbo. Je, papai bivu halisaidii tumbo? Linasaidia, kwa maji yake na nyuzinyuzi zake. Choo kinalainika. Ni sababu ya kawaida, haiuzi vidonge, lakini ndiyo sababu.

Uzuri wa papai bivu uko kwingine. Gramu 100 zina takriban miligramu 60 za vitamini C. Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku, kwa hiyo kipande kimoja cha wastani kinamaliza hesabu. Halafu kuna rangi yake. Papai la manjano na papai jekundu wanatofautiana kwa jeni moja. Mti wa papai la manjano hutengeneza kwanza likopeni, ambayo ni nyekundu, kisha jeni ile inaigeuza kuwa beta-karotini, ambayo ni ya machungwa. Kwenye papai jekundu jeni hiyo imeharibika, kazi inaishia njiani, na likopeni inarundikana. Tunda jekundu lile lenye kuvutia ni kiwanda chenye mashine mbovu. Na kilichonifurahisha zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambapo watu walilishwa karoti, nyanya na papai kwa zamu, kisha damu yao ikapimwa. Beta-karotini iliingia kwenye damu mara tatu zaidi kutoka kwenye papai kuliko kwenye karoti. Likopeni nayo iliingia zaidi ya mara mbili kuliko ile ya nyanya. Karoti ina karotini nyingi, lakini imefungiwa kwenye fuwele ngumu ambazo tumbo haliwezi kuzivunja vizuri. Kwenye papai imehifadhiwa katika hali laini. Kwa hiyo kusoma kiasi kilichomo kwenye chakula hakutoshi, uliza ni kiasi gani kinavuka ukuta wa utumbo. Mwili hugeuza beta-karotini kuwa vitamini A, na watoto wanaoikosa hupofuka.

Wajawazito. Najua swali hili lipo, limekuja kwenye karatasi za maswali mara nne kabla sijapanda hapa. Kuna anayeambiwa asiguse papai kabisa, na kuna anayeambiwa ale mengi ili choo kiwe laini. Wote wawili wamesikia nusu ya habari. Mwaka 2002 lilichapishwa jaribio la panya. Panya wenye mimba waliopewa juisi ya papai bivu hawakupata tatizo, watoto walikaa tumboni kama wa panya wengine. Lakini utomvu wa papai bichi ulipowekwa kwenye kizazi cha panya ndani ya maabara, kizazi kilijikaza kwa nguvu, sawasawa na kinavyojikaza kikipewa homoni za uchungu. Panya si binadamu, na hakuna atakayewapanga wajawazito kulifanya jaribio hilo kwa watu. Ushauri ninaoutoa mimi ni huu: bivu kabisa, lile ambalo ukilichana halitoi maziwa, halina ubaya. Bichi, na lile la katikati ambalo bado linachuruzika, liache mpaka ujifungue.

Nije kwenye mbegu. Ukitafuna mbegu ya papai ulimi unawaka kama umetafuna haradali. Hilo si kwa bahati. Wataalamu wa mimea wanaupanga mpapai katika ukoo mmoja na kabichi, haradali na, karibu zaidi, mlonge. (Hao hao watakuambia kwamba mpapai si mti hasa, maana hauna mbao ya kweli ndani, ni kama mboga iliyosahau kuacha kurefuka. Mimi nitaendelea kuuita mti.) Mbegu inahifadhi kiini kisicho na ukali katika chumba kimoja na kimeng'enya katika chumba kingine. Ukiimeza nzima, vyumba havikutani, inapita salama, na ndivyo mti unavyotaka. Ukiitafuna, ukuta unavunjika, vinachanganyika, na katika nukta hiyo inazaliwa isothiosayaneti ya benzili, kitu kikali chenye salfa. Mti umekuadhibu kwa kuusagia mtoto.

Kitu hicho kinawaathiri minyoo. Mwaka 2007 watafiti wa Nigeria walichapisha jaribio la watoto 60 waliokuwa na vimelea vya tumbo. Nusu walipewa mbegu kavu za papai zilizosagwa zikachanganywa na asali, nusu walipewa asali peke yake. Baada ya siku saba choo kilipimwa: asilimia 76.7 ya waliopata mbegu walikuwa wamesafika, dhidi ya asilimia 16.7 ya waliopata asali tu. Matokeo mazuri sana. Hata hivyo ni watoto 60, na waandishi wenyewe waliliita jaribio la awali. Sisi tunayo albendazole, kidonge kimoja, kilichojaribiwa kwa watu wasiohesabika. Mbegu za papai zinastahili utafiti mkubwa zaidi kuliko ulivyofanyika, hilo nalisema bila kusita, lakini mama mwenye mtoto mwenye minyoo leo hawezi kuusubiri.

Na wanaume mnisikilize kidogo. Mwaka 2002 watafiti wa India walichapisha habari za kima wa jamii ya langur waliopewa kitu kilichochujwa kutoka mbegu za papai kila siku. Baada ya takriban miezi mitatu mbegu zao za kiume zilikuwa zimetoweka kabisa. Walipoachishwa, zilirudi. Walikuwa wanatafuta kidonge cha uzazi wa mpango cha wanaume, na mpaka sasa hakijaingia madukani. Mbegu zinazozima mbegu! Ni mchujo maalumu ulifanya hivyo, si kijiko cha mbegu mbichi. Ila ninapomwona kijana aliyeoa karibuni anakunywa unga wa mbegu za papai kila asubuhi "kusafisha mwili", huwa namuuliza kama yeye na mkewe wanatafuta mtoto.

Majani ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu yanapendwa sana na yanachemshwa. Nilisema mkumbuke habari ya kuchemsha. Ukichemsha majani, papaini imekufa. Kwa hiyo kinachobaki kwenye kikombe ni kingine. Mojawapo ni kapaini, msiichanganye na papaini kwa kufanana majina. Hii ni alkaloidi, ukoo mmoja mpana na kwinini na nikotini, iliyogunduliwa na Mholanzi Maurits Greshoff mwaka 1890. Ndiyo inayoyapa majani uchungu. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha. Ndani ya chupa ya maabara imeonekana pia kuua kijidudu cha malaria, na hapo ndipo habari hukatwa mkia zikasambazwa. Ndani ya chupa hata sabuni inaua kijidudu cha malaria. Ili kitu kiwe dawa ni lazima kifike kwenye damu kwa kiasi cha kuua kijidudu na kisimuue mwenye damu, na kwa malaria majani ya mpapai hayajavuka hatua hiyo. Mtoto mwenye malaria akipewa kikombe cha majani badala ya dawa mseto, saa zinazopotea haziwezi kurudishwa.

Kwa homa ya dengue habari ni tofauti kidogo, na haki inataka niieleze vizuri. Dengue hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio kutoka Malaysia la wagonjwa 228. Karibu nusu yao walipewa juisi ya majani ya mpapai kwa siku tatu pamoja na matibabu ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida tu. Waliokunywa juisi, chembe sahani zao zilipanda upesi zaidi, na jeni mbili zinazohusika na utengenezaji wa chembe hizo zilionekana kuamka. Majaribio mengine yaliyofuata yaliegemea upande huo huo. Kwa hiyo si uzushi. Lakini ukimuuliza daktari aliyelaza wagonjwa wa dengue, atakuambia kwamba namba ya chembe sahani siyo inayoua mara nyingi. Kinachoua ni mishipa kuvuja, maji ya damu yakatoka nje ya mishipa, presha ikaanguka. Tiba yake ni maji, yapimwe na yatolewe kwa wakati. Namba ikipanda kwenye karatasi huku mgonjwa anavuja, familia inashangilia kitu kisichohusika. Hatujaonyeshwa kwamba majani yanapunguza vifo. Mgonjwa akitaka kunywa akiwa wodini, chini ya macho ya muuguzi, sitagombana naye. Akitaka kunywa badala ya kuja wodini, nitagombana naye mpaka jioni.

Wale wanaotumia warfarini ya kuzuia damu kuganda wawe waangalifu na vidonge vya papaini, kwani imeripotiwa damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Wanaotumia dawa za kisukari nao waangalie majani, kwa wanyama yameshusha sukari, na viwili vinavyoshusha vikikutana unaweza kuanguka.

Nimalizie na jambo ambalo halijaja kwenye karatasi hata moja, na ningependa wauguzi waondoke nalo. Utomvu wa mpapai na utomvu wa mti wa mpira, unaotengeneza glavu zenu, zina protini zinazofanana kiasi cha kumdanganya mwili. Mtu ambaye ngozi yake inavimba akivaa glavu za mpira anaweza kuwashwa mdomo akila papai, au ndizi, au parachichi, na wengine huanza na tunda kabla hawajawahi kugusa glavu. Mgonjwa akikuambia papai linamwasha koo, usimjibu kwamba ni tunda tu. Chukua kalamu uandike kwenye kadi yake, mahali pa mzio, maneno mawili: papai, mpira. Kisha mwambie daktari wa upasuaji kabla hajavaa glavu.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.